FUNDI WA NYUMBANI: Mota za Kifaru cha Mtoto Zinapochemka



Miezi miwili iliyopita ilitufikia barua ya mama mmoja anayeishi katika nyumba za familia za askari. Mume wake ni koplo, na wakati alipoandika alikuwa kazini mbali na nyumbani. Alipokuja likizo ya mwisho, koplo huyo alimletea mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 12, kifaru cha kuchezea kiendeshwacho kwa redio. Ni mfano wa kile kifaru cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili kiitwacho Tiger, na urefu wake pamoja na mzinga unazidi nusu mita kidogo. Kwa majuma sita kifaru kilikwenda vizuri, kikawa fahari ya watoto wa mstari mzima wa nyumba. Kisha kikaanza kusimama kila baada ya dakika chache, na tumboni mwake ikatoka harufu ya kitu kinachoungua.

Shemeji ya mama huyo alikifungua, akagusa mota ya kushoto, akaunguza kidole. Hukumu akaitoa palepale: kijana amekichezea kwa fujo. Kijana akachapwa, na kifaru kikafungiwa kabatini. Mama akakichukua kifaru hadi kwa fundi wa redio mjini, naye akatamka kwamba mota zote mbili zimekwisha, hapana budi zinunuliwe nyingine zenye nguvu zaidi, na bei aliyoitaja mama huyo hakuwa nayo. Basi akatuuliza maswali mawili. Je, fundi amesema kweli? Na je, mtoto wangu ana kosa? Baba yake, aliandika, anarudi mwisho wa mwezi, na kijana amekwisha kusema kwamba atakapomwona baba ataingia chini ya kitanda.

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu siku ileile, nikamjibu kwa barua bila kungoja zamu ya safu hii. Leo nawaeleza wasomaji wote yale niliyomwandikia, kwa kuwa najua vifaru hivi vimeingia katika nyumba nyingi, vingi vikiletwa na ndugu kutoka Dubai na kwingineko, na ugonjwa wake mkubwa ni huuhuu.

Mota ndogo ya umeme haichemki kwa sababu ya utundu wa mtoto, na ni mara chache sana huchemka kwa sababu ya uzee tu. Huchemka kwa kuwa mkondo wa umeme unaopita katika nyaya zake za shaba ni mwingi kuliko zinavyoweza kustahimili. Wala mkondo huo haujiongezi wenyewe. Mota huvuta umeme kwa kadiri ya mzigo iliopewa. Inapozunguka bila kizuizi, hujitengenezea ndani yake nguvu ya umeme inayopingana na ile ya betri, na kwa hiyo betri huweza kuisukumia kidogo tu. Mzigo ukizidi, mzunguko hupungua, upinzani ule nao hupungua, na umeme huingia kwa wingi. Mota ikizuiwa isizunguke kabisa, upinzani hutoweka, na betri huimwagia yote iliyo nayo.

Vifaru vya ukubwa huu, yaani vilivyopunguzwa mara 16 kuliko vile halisi, kwa kawaida huwa na mota mbili za ukubwa ambao mafundi huuita 380 au unaokaribia huo, na betri ya volti 7.2 au 7.4. Mota kama hiyo huvuta chini ya ampia moja inapozunguka bila mzigo, ampia 3 hivi inapofanya kazi yake ipasavyo, na zaidi ya ampia 10 inapozuiwa kabisa. Sasa tufanye hesabu. Volti 7.2 mara ampia 10 ni wati 72. Kifaa cha kulehemu anachotumia fundi wa redio huwa cha wati 40 au 60, nacho huyeyusha risasi. Mota iliyozuiwa haifanyi kazi yoyote ya kusogeza kitu, kwa hiyo umeme wote huo hugeuka joto. Kiasi fulani hubaki katika betri na nyaya, lakini sehemu kubwa huishia katika kile kichuma ambacho hakifikii ukubwa wa yai la kuku.

Aidha, joto halipandi sawasawa na mkondo. Mkondo ukizidi mara tatu, joto katika nyaya huzidi mara tisa. Na ubaya hauishii hapo, maana shaba iliyopata joto huupinga umeme zaidi: kila digrii 10 za sentigredi huongeza upinzani wake kwa karibu asilimia 4. Sumaku zilizomo ndani ya mota nazo hulegea nguvu zinapopata joto, kiasi kwamba mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi ili kutoa nguvu ileile. Kwa hiyo mota iliyoanza kuchemka hujichochea yenyewe. Ndiyo maana mama alisema kwamba kifaru hukaa dakika nne bila dalili yoyote, kisha katika dakika ya tano mambo huharibika ghafula.

Hapa msomaji ataniuliza, mbona gari la kuchezea lenye mota ya namna hiyo hukimbia uwanjani mpaka betri ikaisha, na halichemki kama kifaru? Askari waliopata kukaa ndani ya kifaru halisi wanalijua jibu. Gari likitaka kukata kona hugeuza magurudumu ya mbele. Kifaru hakina gurudumu la kugeuza. Dereva wa T-55 akivuta wenzo wa kushoto, mnyororo wa kushoto hupunguziwa mwendo, na akizidi kuvuta hufungwa breki, huku ule wa kulia ukiendelea kusukuma. Mwili mzima huburutwa upande upande juu ya ardhi, na minyororo yote miwili hukwangua udongo. Angalia alama zake penye kona utaona jinsi ardhi ilivyolimwa. Kifaru cha mtoto hufanya vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu vingi huweza kurudisha mnyororo mmoja nyuma huku mwingine ukienda mbele, ili kizunguke papo hapo. Watoto hupenda sana mchezo huo, na hakuna mchezo unaoila mota kama huo, hasa juu ya zulia au nyasi.

Jambo hili si la vichezeo peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wafaransa walitengeneza kifaru cha Saint-Chamond, kilichoingia vitani mwaka 1917, ambacho injini yake haikuzungusha minyororo moja kwa moja, bali ilizungusha jenereta, na jenereta ikalisha mota mbili za umeme, moja kwa kila mnyororo. Mwaka 1942 mhandisi Ferdinand Porsche alirudia mpango wa namna hiyo alipokuwa akishindania kazi ya kutengeneza Tiger. Alishindwa na kampuni ya Henschel. Lakini miili kama 90 aliyokwisha kuitayarisha iligeuzwa mwaka 1943 kuwa magari ya kuharibu vifaru yenye uzito wa tani 65, yakapewa jina lake, Ferdinand, na kupelekwa Kursk mwezi wa Julai mwaka huo. Mota zake za umeme zilihitaji shaba nyingi sana, nayo shaba ilikuwa adimu kwa Wajerumani, na uzito mkubwa uliitesa mitambo. Basi kijana wa miaka 12 aliyeshika rimoti katika ua wa nyumba za askari ana mikononi mwake mpango uleule: betri badala ya jenereta, mota mbili, minyororo miwili. Kwa hakika kifaru chake kinafanana zaidi na cha Porsche aliyeshindwa kuliko cha Henschel aliyeshinda, ingawa umbo lake la nje ni la Henschel.

Turudi kwenye dawa. Nilimwandikia mama asinunue kitu chochote kwanza. Nikamwomba akitoe kifaru kabatini, amkabidhi kijana, na kazi yote ya upelelezi aifanye kijana mwenyewe, akiandika daftarini kila anachokiona. Mzazi au mtu mzima awepo karibu kwa ajili ya betri, nitaeleza sababu hapa chini. Lakini mikono iwe ya kijana.

Swali la kwanza la upelelezi ni hili: inachemka mota moja, au zote mbili? Mafundi wengi hulipita swali hili, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Zikichemka zote mbili kwa kiasi kimoja, basi tafuta sababu inayozihusu zote: uzito uliozidi, nyasi ndefu, minyororo iliyokazwa mno pande zote, au betri isiyofaa. Ikichemka moja tu, nyingine ikiwa vuguvugu, basi kosa liko upande ule, na hakuna haja ya kuihukumu betri wala uwanja, maana pande zote mbili zimekula chakula kimoja na kutembea njia moja. Katika barua ya mama ilikuwa mota ya kushoto peke yake iliyounguza kidole. Fundi aliyetaka kubadilisha zote mbili hakuuliza swali hili.

Joto hupimwa kwa kidole, kwa hadhari. Endesha dakika tano, zima, ondoa betri, fungua, kisha gusa kasha la mota. Ukiweza kukaza kidole juu yake na kuhesabu mpaka kumi bila taabu, mota ni nzima. Ukilazimika kuondoa kidole kabla ya kuhesabu tatu, joto limefika digrii 60 au zaidi, na ndani, penye nyaya, ni zaidi ya hapo. Ikitoa harufu kali, rangi ya kuzuia umeme iliyopakwa kwenye nyaya imeanza kuungua. Hapo usiguse, ngoja ipoe.

Baada ya hayo, kiweke kifaru juu ya tofali au kipande cha ubao ili minyororo isiguse kitu, ukiendeshe polepole na kusikiliza. Upande mzima hutoa sauti moja isiyobadilika. Upande mgonjwa huguna, au hupanda na kushuka kwa kila mzunguko. Kisha vua minyororo yote miwili, uendeshe tena. Sauti ikitengemaa na mota ikabaki baridi, mkosaji ni mnyororo au magurudumu yanayoubeba. Isipotengemaa, mkosaji yuko ndani zaidi, katika giaboksi, shafti au mota yenyewe.

Mnyororo uliokazwa mno ni kosa la kawaida kuliko yote, na huletwa na watu wazima wenye nia njema. Mnyororo hutoka kwenye gurudumu lake mara moja, mzazi anakasirika, anaukaza mpaka ukalia kama uzi wa zeze. Hautatoka tena, ni kweli, lakini sasa mota inafanya kazi mchana kutwa ya kukunja na kukunjua mnyororo mgumu, na shafti inavutwa kwa ubavu dhidi ya bushi zake. Mnyororo ulio sawa hulala kidogo katikati, sehemu ya juu. Katika mfano wa ukubwa tunaousema, uweze kuuinua kwa kidole kiasi cha upana wa kidole kidogo. Ukitoka mara kwa mara hata hapo, tazama kama gurudumu lenye meno na lile la kukazia yamekaa kwenye mstari mmoja, kabla ya kushika bisibisi na kukaza.

Mnyororo ukiwa huru, zungusha kwa mkono kila gurudumu la kubeba uzito. Gurudumu zuri huendelea kuzunguka kidogo baada ya kuliachia. Wenye mfano wa Tiger wachukue muda zaidi hapa, kwa sababu magurudumu yake yamepangwa kwa kupandana, moja likiingia nyuma ya jingine. Katika Tiger halisi mpangilio huo ulisambaza uzito vizuri, lakini katika majira ya baridi ya Urusi tope na theluji viliganda katikati ya magurudumu na kuyakwamisha. Katika majumba yetu hakuna theluji. Kuna nywele, nyuzi, majani makavu na vumbi jekundu, navyo hufanya kazi ileile. Shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye gurudumu lenye meno ni mahali penye kiu kubwa ya nyuzi. Huzikusanya kwa siri nyuma ya gurudumu, zikajisokota na kujikaza mpaka zikawa kama breki iliyofungwa daima. Huwezi kuziona bila kuling'oa gurudumu.

Kama minyororo na magurudumu havina kosa, fungua giaboksi. Tazama meno ya gia kama yamevunjika au yamejaa mchanga. Grisi iliyochanganyika na mchanga si grisi tena, ni msasa. Isafishe yote kwa mswaki wa zamani, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo, kiasi cha kung'arisha meno ya gia. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, kwani huganda na kunata. Mafuta machafu ya injini yasitumike vilevile, na si kila grisi ya gari inapatana na plastiki. Chunguza pia gia ndogo iliyo kwenye ncha ya mota. Ikisukumwa ndani mno dhidi ya gia kubwa, meno huumana na mota hubanwa. Kuna kipimo cha zamani cha mafundi: weka ukanda mwembamba wa karatasi ya gazeti kati ya gia hizo mbili, sukuma mota mpaka zishikane juu ya karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha ili karatasi itoke. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa. Ukurasa wowote wa gazeti hili unafaa, ila ningeomba usiwe huu.

Sasa kuna jaribio la kutenganisha kosa la umeme na kosa la mitambo, nalo halihitaji mita wala fedha. Badilisha nyaya za mota pale zinapoingia kwenye ubao wa kuongozea: wa kushoto uende kulia, wa kulia uende kushoto. Kifaru kitageuka kinyume cha amri, watoto watacheka, si neno. Endesha dakika tano. Ikiwa sasa mota iliyokuwa baridi ndiyo inayochemka, kosa limo katika ubao, na uupeleke kwa fundi. Ikiwa ileile ya mwanzo bado inachemka, ubao hauna hatia. Hatua inayofuata ni kubadilishana mota zenyewe, ya kushoto iwekwe kulia. Joto likihama pamoja na mota, mota ni mbovu kweli. Joto likibaki upande uleule, giaboksi au shafti ya upande huo ndiyo mgonjwa, na hata ungenunua mota kumi, zote zingeungua pale.

Juu ya hili la kununua mota, naomba radhi nieleze fedheha yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alipewa kifaru cha namna hii, nami, kwa kuwa nilifanya kazi katika karakana ya magari ya jeshi kwa muda mrefu, nikajiona bingwa. Nilimwondolea minyororo ya plastiki nikamwekea ya chuma, ili kifaru kipate sura ya kiume. Mota ikaungua. Nikanunua nyingine. Ikaungua. Nikanunua ya tatu, yenye nguvu zaidi, na hiyo haikuungua, bali ilivunja meno ya gia na kuuchoma ubao wa kuongozea, kwa sababu ilivuta umeme mwingi kuliko ubao ulivyoweza kupitisha. Siku hiyo ndipo nilipokaa chini na kupima ule mnyororo wa chuma. Nilikuwa nimeukaza kama ninavyokaza skrubu za gari la tani nne. Nilipoulegeza, mota ndogo ya mwanzo, ambayo nilikuwa nimeitupa ndani ya kopo la misumari kama maiti, ilikiendesha kifaru kwa mwaka mzima uliofuata. Mpwa wangu hakusema neno, ila tangu siku hiyo hunipa mimi bisibisi mwisho kabisa.

Uzito nao una hesabu yake. Tiger halisi ilikuwa na tani 57 hivi. Ukiipunguza mara 16 kwa urefu, mara 16 kwa upana na mara 16 kwa kimo, uzito hupungua mara 4,096, na kifaru kinachofuata kipimo sawasawa kingekuwa na karibu kilo 14. Kile cha plastiki anachonunuliwa mtoto hakifikii hata nusu ya hapo, na mota zake zimechaguliwa kwa uzito huo. Kila kipande cha chuma unachoongeza, tena kila kokoto ambayo mtoto anaipakia juu kama mizigo ya vita, hulipiwa na mota wakati wa kugeuka.

Kuna wale wanaotaka kuongeza mwendo kwa kubadilisha betri ya volti 7.4 na kuweka ya volti 11.1. Hiyo ni mara moja na nusu. Mota ikizuiliwa, mkondo nao huwa mara moja na nusu, na joto huwa zaidi ya mara mbili. Mota inayoishi vizuri kwa betri ya kwanza yaweza kufa kwa ya pili katika alasiri moja. Na kwa kuwa tumefika kwenye betri: zile za lithiamu si za kufanyia mzaha. Zikitobolewa, zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, au zikiunganishwa nyaya kimakosa, huweza kuwaka moto ambao hauzimiki upesi. Betri iliyovimba isitumike tena wala kuchajiwa, itolewe nje ya nyumba. Isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro, na mtoto asiichomoe au kuichomeka bila mtu mzima, hasa katika nyumba zetu hizi ambazo ukuta mmoja hutenga familia mbili. Mota inayochemka huharibu kichezeo tu. Betri inaweza kuharibu mstari mzima.

Nisisahau brashi. Ndani ya mota hizi mna vipande viwili vya kaboni au shaba laini vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vikilika, hurusha cheche nyingi, na mota huchemka hata bila mzigo. Ukiona mota iliyofunguliwa na kushikwa mkononi, bila gia wala mnyororo, inachemka kwa kuzunguka bure dakika mbili tatu, hiyo imekwisha kweli. Nunua nyingine ya ukubwa uleule na volti zilezile.

Kuhusu kumwagia mota maji ili ipoe, sina la kusema isipokuwa hapana. Kutoboa matundu sakafuni mwa kifaru kunaingiza vumbi kuliko hewa. Bati jembamba la aluminiamu lililokunjwa kuzunguka kasha la mota husaidia kutoa joto, lakini kwa mota yenye afya tu. Ukiliweka kwenye mota iliyobanwa umeahirisha kilio. Kinachosaidia zaidi ni ratiba: dakika kumi za mchezo, dakika kumi za kupoa, kona zikatwe huku kifaru kinakwenda mbele badala ya kuzungushwa papo hapo, na kikigonga ukuta mtoto aachie rimoti mara moja badala ya kuendelea kusukuma.

Haya yote niliyaandika katika barua kwa mama yule, kwa maneno machache zaidi. Baada ya majuma mawili nikapata majibu, safari hii yakiwa katika mwandiko wa kijana mwenyewe, na ukurasa uliochanwa kutoka daftarini. Nauheshimu ukurasa huo kuliko ripoti nyingi nilizozisoma karakanani. Mota ya kushoto: moto baada ya dakika 4. Ya kulia: vuguvugu baada ya dakika 15. Nyaya zilipobadilishwa: kushoto bado moto. Mota zilipobadilishana nafasi: kushoto bado moto. Aliling'oa gurudumu lenye meno la kushoto, na nyuma yake akakuta nyuzi nyeusi zilizojisokota mpaka zikawa ngumu kama mbao, kiasi kwamba alizikata kwa wembe kidogo kidogo, mama yake akiwa amemshikia shafti.

Zilikuwa nyuzi za kusukia nywele. Chini ya maneno ya kijana mama aliongeza ya kwake. Alisema kwamba yeye huwasuka wenzake barazani ili kupata fedha ya ziada, na kwamba kijana alikuwa akikipitisha kifaru palepale jioni, akifagiliwa njia na wadogo zake. Alimwita mwanawe akamwambia mbele ya shemeji kwamba kosa halikuwa lake, na shemeji akanyamaza, kisha akaomba rimoti.

Mota ya kushoto haijanunuliwa nyingine. Kasha lake limebadilika rangi, na nimewaambia wasishangae ikifa kabla ya mwenzake, kwa kuwa sumaku na nyaya zilizopata moto mara nyingi hazirudi kuwa kama zamani. Kwa sasa inakwenda dakika 15 na kuhesabika mpaka kumi. Koplo alirudi nyumbani siku ya Ijumaa, na mtoto hakuingia chini ya kitanda. Mwisho wa barua yake kijana ameuliza kama ingefaa sasa aweke minyororo ya chuma. Nimemjibu kwamba angoje kwanza, na kwamba siku atakapoiweka, asimruhusu mtu mzima kuikaza.